Kabla ya kuwasha kamera Nakivale

Anayejiandaa kupiga dokumentari kwa pesa za mfukoni mwake huanza na vifaa, halafu vibali, na watu huja mwisho. Mimi ningeanza na watu.

Tuseme unakwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Wakongo wa huko wanazungumza Kiswahili, nao watakuhoji kabla hujawahoji: picha hii inaenda wapi, nani ataiona? Aliyekimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, haulizi hivyo kwa udadisi. Filamu ikishawekwa mtandaoni, Goma wanaitazama kwenye simu siku hiyohiyo, na jina la kijiji au sauti tu inaweza kumtambulisha kwa watu aliowakimbia. Amua ukiwa bado Kampala ni nani utamficha sura, nani utambadilisha jina, na nani usimrekodi kabisa hata akikubali.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii. Wengi wameshasimulia mkasa wao kwa kila shirika lililopita, na mwenye kamera hudhaniwa ana njia ya kuwapeleka Kanada au Marekani. Ukinyamaza, utapata mahojiano mazuri yaliyojengwa juu ya tumaini la uongo. Sema mapema, mbele ya familia, kwamba huna uwezo wowote juu ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Baadhi watakuacha hapo hapo. Waache waende.

Ridhaa usiiache kwenye karatasi peke yake. Ieleze kwa Kiswahili wanachokizungumza wao, irekodi kwa sauti, kisha iulize tena kesho yake, mtu akishalala nayo. Mwambie pia mwisho wa kujitoa ni lini, maana filamu ikishauzwa huwezi kuirudisha, na kuahidi "wakati wowote" ni kudanganya. Kwa watoto, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Ukikutana na mtoto asiye na mlezi, zima kamera.

Pesa huleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Kununua simulizi ni kosa, kwa sababu simulizi hurefuka kadiri bei inavyopanda. Lakini mama anayeuza mandazi akikaa nawe tangu asubuhi hadi saa tisa, biashara ya siku imekufa, na kumwachia "asante" tu ni unyonyaji. Mlipe muda wake, kiwango kimoja kwa wote, na mwenyekiti wa eneo akijue mapema ili baadaye kusiwe na minong'ono.

Vibali sasa. Kuingia kwenye makazi unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha ujitambulishe kwa kamanda wa makazi. Vijijini, anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hifadhi za wanyama zina mamlaka yake, UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda). Droni isiingie kwenye begi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya vyombo vya usalama. Hapo usijaribu bahati.

Vifaa havina mengi: betri za akiba, chaja ya sola, kitu cha kuzuia vumbi. Kila usiku tengeneza nakala mbili zenye nywila, na moja ilale kwa mtu mwingine.

Kwenye bajeti, weka nauli ya kurudi kwa uliowapiga, uwaonyeshe filamu. Machi 2012 filamu ya shirika la Kimarekani la Invisible Children kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, iliyokuwa imetazamwa na mamilioni duniani, ilionyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioionja vita yenyewe. Walikasirika, mawe yakarushwa. Kwa hiyo tenga pesa za projekta na za safari ya pili kabla uhariri wa filamu haujafungwa, uwaonyeshe waliomo wakati bado kuna cha kubadilisha. Na mkubaliane tangu siku ya kwanza: kosa la ukweli au hatari ya usalama wakikutajia, unakata, wakichukia tu mtazamo wako, mtazungumza, lakini neno la mwisho ni lako.