Jinsi ya kuhamisha makao makuu ya kampuni bila kuwapoteza watu wake

Bodi ikishapitisha kwamba makao makuu yanaondoka katika mji ambako kampuni ilizaliwa, kazi yote iliyobaki hutua kwenye meza ya mtu wa utawala. Hiyo ndiyo meza yangu, na uhamisho wa aina hii nimeusimamia katika kampuni zaidi ya moja. Namwandikia mwenzangu aliyeitwa na mkurugenzi, akaambiwa "tunahama", na sasa hajui aanzie wapi.

Habari za malori ziache kwanza. Pata jibu la swali moja: ni kitu gani hasa kinachohama? Kuna anwani iliyosajiliwa, ile iliyoko kwa msajili wa makampuni na ambako hati za mahakama huletwa. Kuna ofisi wanakokaa wakuu. Halafu kuna kazi yenyewe, yaani kiwanda na mafundi. Vitatu hivi vinaweza kabisa kukaa sehemu tatu mbalimbali. Boeing, kampuni ya Marekani inayounda ndege, ilianzishwa Seattle mwaka 1916 lakini imesajiliwa katika jimbo la Delaware. Mwaka 2001 wakuu wake walihamia Chicago, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba makao makuu yanakwenda Arlington, Virginia. Miaka yote hiyo viwanda vya Renton na Everett, jirani na Seattle, viliendelea kuunda ndege. Kwa hiyo andika ukurasa mmoja tu: nani anahama, nani anabaki, kipi kinabaki, na kuanzia tarehe gani. Bodi iusaini. Usipokuwa nao, kila mkuu wa idara atakuja na tafsiri yake, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Niendelee kidogo na Boeing, maana hapo pana funzo ambalo wahamishaji wengi hulipita. Wakosoaji wake wamesema kwa miaka mingi kwamba kuwaweka wakuu mbali na wahandisi kuliidhuru kampuni. Kelly Ortberg alipoteuliwa kuiongoza mwaka 2024, ilitangazwa kwamba yeye atakaa Seattle. Kama kiwanda chenu kinabaki, basi kabla ya kuhama panga kwenye kalenda siku ambazo mkurugenzi mkuu na wasaidizi wake watakuwa kiwandani, wakikaa na mafundi na kuwasikiliza. Ahadi ya "tutakuwa tunakuja" hufa mapema, kwa sababu huko waendako kutakuwa na vikao vipya kila wiki.

Sasa watu. Waambie wote siku moja, na wote maana yake ni pamoja na walinzi, wafanya usafi na madereva walioajiriwa kupitia wakala. Hawa ndio husikia mwisho, na mara nyingi ndio wasio na akiba. Siku hiyo hiyo kila mwajiriwa apewe barua yenye jina lake: nafasi yake inahama au haihami, posho ya uhamisho ni kiasi gani, asipokubali atalipwa nini na kwa hesabu ipi, na mwisho wa kujibu ni lini. Hesabu ya kiinua mgongo iandikwe kwa tarakimu. Maneno kama "kwa mujibu wa taratibu" hayamsaidii mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni.

Mji mnaokwenda utajwe siku hiyo hiyo. Boeing ilitangaza Machi 2001 kwamba inaondoka Seattle kabla ya kuchagua pa kwenda. Chicago, Dallas na Denver zikashindania, na Chicago ikatangazwa Mei. Kwa anayetafuta masharti mazuri kutoka serikali za miji, njia hiyo ina faida yake. Kwa mfanyakazi ni miezi ya kulala na wasiwasi, na katika miezi hiyo wenye ujuzi mkubwa huanza kupigiwa simu na washindani. Mimi singekubali kuifuata.

Usimdai mtu jibu kabla hajauona mji mpya. Mlipie nauli yeye na mwenza wake wakaangalie nyumba na shule, kwa sababu uamuzi huu hufanyika nyumbani. Tarehe ya kuhama ifuate mwisho wa mwaka wa shule, hata kama mkataba wa jengo jipya unaanza mapema.

Kisha nenda masijala, na hapa usikimbie. Keti na karani wa masijala, mfungue droo moja baada ya nyingine. Utashangaa. Mkataba wa pango la ghala unaweza kuwa ndani ya faili la bima, kwa sababu zamani watu wa bima waliuomba na haukurudishwa mahali pake. Karani anajua hilo, na halijaandikwa popote. Liandike pale pale mkiwa mnaongea, kwa maneno yake. Kama karani hahami, mpe mkataba mfupi wa malipo ili aendelee kupokea simu baada ya ofisi kufungwa. Hakuna pesa ya uhamisho inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Upande wa hati, soma katiba ya kampuni: ikiutaja mji, huenda ukahitaji azimio la wanahisa. Wajulishe msajili, mamlaka ya kodi, watoa leseni, benki na bima. Pitia kila mkataba utafute kifungu cha notisi, maana notisi ikienda anwani ya zamani inaweza kuhesabika imepokelewa. Lakiri na daftari la wanahisa abebe katibu wa kampuni mwenyewe, visipande lori. Sanduku la barua la zamani lilipie mwaka mzima, kwa kuwa baadhi ya barua huja mara moja tu kwa mwaka.

Jengo la zamani lipigwe picha chumba kwa chumba siku ya kukabidhi funguo, mwenye jengo akiwepo.

Wazabuni wadogo walipwe malimbikizo yao yote kabla habari haijatoka. Mwenye karakana inayowahudumia tangu kampuni ikiwa changa hana nguvu ya kuwafuata mji mwingine kudai ankara yake.

Na wale watakaosema hapana, wape barua ya utumishi yenye maelezo ya kweli ya kazi waliyofanya, iwe na saini ya mkurugenzi, pamoja na malipo yao ya mwisho, siku ile ile wanayorudisha kitambulisho.