Pikapu yako inavuta kilo ngapi kweli? Piga hesabu hivi kabla hujafunga trela

Wengi wanashika namba moja tu, "inavuta kilo 3,500", basi wanafunga trela ya kilo 3,500, watu wanne ndani, vifaa vimejaa kwenye bodi, safari. Nawaomba jamani msifanye hivyo. Mimi navuta trela za mashine na hii ndo njia yangu, siruki hatua hata nikiwa na haraka.

Hatua ya 1: soma kibandiko cha mlango wa dereva na kitabu cha gari, tafuta namba nne: uzito wa gari tupu, mwisho wa gari likipakiwa, mwisho wa gari na trela kwa pamoja, na kikomo cha kuvuta. Angalia na ndoano ya kuvutia, nayo ina namba zake, ikiwa ndogo kuliko za gari basi unafuata hiyo ndogo.

Hatua ya 2, na hapa ndo watu wanapokwama. Tuseme gari tupu ni kilo 2,100, likipakiwa mwisho 3,050, gari na trela 5,850. Toa ile trela ya 3,500 kwenye 5,850 unabaki na 2,350, toa gari lenyewe, zimebaki 250! Watu watatu wa kilo 80 washakula 240 na boksi la spana bado liko chini. Sasa wewe una watu wanne na vifaa vya kilo 200, gari limefika 2,620, kwa hiyo trela na mzigo wake visizidi 3,230, ile 3,500 isahau.

Hatua ya 3: shingo ya trela, yaani ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye ndoano. Kwa trela nzito nalenga ikandamize ndoano kwa kama 10% ya uzito wa trela, hapa ni kilo 323, na hizo zinahesabika kama mzigo wa gari, yaani 2,620 inakuwa 2,943, bado tuko chini ya 3,050 ila nafasi ni finyu. Shingo ikiwa nyepesi mno trela inapiga mkia, ikizidi nyuma ya gari inakaa, tairi za mbele zinapungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi. Kwa hiyo vitu vizito viweke juu ya ekseli, mbele kidogo.

Hatua ya 4: nenda mizani, usikisie. Maji lita 300 peke yake ni kilo 300.

Hatua ya 5: upepo wa tairi, taa, breki za trela, minyororo ipishane chini ya shingo.

Njiani trela ikianza kuyumba usikanyage breki ya gari kwa nguvu, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, kama breki za trela zina swichi yake zibonyeze taratibu. Mteremko ingia na gia ndogo tangu juu. Ukishatembea kilomita chache simama, kaza mikanda ya mzigo, sogeza mkono karibu na haba za trela (vitovu vya magurudumu), moja ikiwa na joto kuliko wenzake usiendelee mpaka ujue kwa nini.