Kutoa aseniki kwenye udongo wa marudio kwa kangaga

Eneo lililomwagiwa marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, mara nyingi hubaki na aseniki, ambayo ni sumu, iliyotoka kwenye mwamba wenyewe. Mmea unaojulikana sana kwa kuivuta ni kangaga aitwaye Pteris vittata. Utamkuta kwenye nyufa za kuta za chokaa na kingo za makalavati: vijani vyake ni virefu na vyembamba, cha nchani kimezidi vingine, na ukigeuza utaona mstari wa vumbi la kahawia umefuata ukingo wote. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walieleza kwamba majani yake hukusanya aseniki mara nyingi zaidi ya ile iliyo kwenye udongo anamoota. Mizizi huipokea kupitia mlango uleule wa fosfati, kisha mmea huifungia ndani ya vakuoli, vifuko vidogo vilivyo ndani ya seli za majani.

Chukua udongo sehemu 10 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki na upeleke nusu kilo maabara kupima aseniki yote.

Majibu yakija, piga hesabu. Mita moja ya mraba kwa kina hicho ni kilo 260 hivi za udongo. Ukikuta miligramu 50 kwa kilo, hapo pana gramu 13. Chukulia unavuna nusu kilo ya majani makavu kwa mwaka, yenye miligramu 2,000 kwa kilo: umetoa gramu 1 tu. Kushuka hadi miligramu 20 ni miaka minane, na huenda zaidi, maana inayobaki huzidi kuwa ngumu kuvutwa. Ukikuta 500, usijisumbue na kangaga. Funika udongo au uhamishwe.

Gawa mashina yenye mizizi, uyapande kwa nafasi ya sentimita 30, penye kivuli chepesi. Udongo ukiwa mchachu, ongeza chokaa. Mwagilia bila kutuamisha maji. Usirundike DAP, mbolea yenye fosfati nyingi: fosfati huibandua aseniki kwenye chembe za udongo, ikazama na mvua hadi majini.

Vuna majani yangali mabichi, kwa glovu, ukiacha sentimita 10 hadi 15 na vichipukizi vilivyojikunja. Wengi hukosea hapa. Jani likishakauka shambani, mvua huirudisha aseniki chini na kazi ya msimu imepotea. Usichome, kwani aseniki hupaa na moshi. Usifanye mboji, na mbuzi wasiingie kabisa. Kausha chini ya paa, funga kwenye mifuko, uulize NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, taratibu za taka hatarishi.

Zebaki iliyoachwa na wachenjuaji, wanaoitumia kunasa dhahabu, haitaondoka kwa njia hii. Risasi nayo hung'ang'ania udongo na mizizi, hata alizeti inayosifiwa sana haiipandishi majanini kwa kiasi cha maana.

Pima tena kila mwaka, mwezi uleule, sehemu zilezile.