Jinsi ya Kupima Kama Pampu ya Sola Inalipa: Mwongozo kwa Vikundi vya Umwagiliaji Uganda

Mwongozo huu ni wa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya wakulima, pamoja na madiwani wa kaunti ndogo ambao huletewa maombi ya miradi ya maji na kutakiwa kuyapitisha kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwezi Juni. Unajibu maswali mawili yanayofanana kwa nje lakini yasiyo na jibu moja. La kwanza ni kwamba, kati ya petroli, sola na umeme wa gridi, ni njia ipi ya kuvuta maji itakayomgharimu mkulima kidogo zaidi kwa miaka yote ya maisha ya mradi. La pili ni ipi itakayoigharimu nchi kidogo zaidi, ukihesabu kodi, ruzuku, hewa ukaa na maji yenyewe. Mahitaji ni kalamu, simu yenye kikokotoo na siku moja ya kupima shambani.

Nitatumia kikundi cha mfano katika uwanda wa Kasese, kinacholima vitunguu kwenye ekari 2.5 kando ya mto na kuuza Mpondwe, soko la mpakani na Kongo. Bei za vifaa ni za mfano tu. Weka badala yake zile utakazopewa na mafundi wasiopungua watatu.

Anza na maji, si na mashine

Kosa linaloharibu maombi mengi ni kuanza na orodha ya vifaa kutoka kwa muuzaji. Swali la kwanza linapaswa kuwa ni maji kiasi gani yanahitajika kwa siku, na yanapandishwa kimo gani. Mboga katika siku ya jua kali hupoteza maji ya kina cha milimita 5 hivi, na kwa kuwa ekari 2.5 ni sawa na hekta moja, hiyo ni mita za ujazo 50 kwa siku, yaani jerikani 2,500 za lita 20. Kimo hupimwa kutoka uso wa mto wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa, hadi mdomo wa bomba kwenye tangi, kisha huongezwa kidogo kwa ajili ya msuguano ndani ya mabomba. Tuseme jumla ni mita 20.

Zidisha mita za ujazo kwa mita za kimo, kisha ugawanye kwa 367, na utapata yuniti za nishati (kilowati-saa) ambazo maji yenyewe yanadai: 50 mara 20, gawanya kwa 367, ni yuniti 2.7. Pampu ya umeme na mota yake hupoteza zaidi ya nusu njiani, kwa hiyo utahitaji kama yuniti 6 kwa siku. Kwa saa tano za jua kamili, ambazo ni kadirio la kawaida kwa sehemu kubwa ya Uganda, na ukiacha nafasi ya vumbi, joto na mawingu, hesabu hiyo inaelekea kwenye paneli za wati 1,600 hivi. Muuzaji akikuletea paneli za wati 4,000 kwa kazi hiyo, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Kwa pampu ya petroli usikadirie, pima. Jaza tangi la mafuta hadi mdomoni pampu ikiwa imesimama mahali tambarare. Iwashe, elekeza maji kwenye pipa la lita 200 lililowekwa pale juu ambako maji yatatumika, na uandike sekunde za kulijaza. Rudia kila baada ya muda, kwa sababu mchujo wa bomba la kuvutia hushika majani na mchanga na mtiririko hupungua bila mtu kugundua. Baada ya saa moja zima, kisha ujaze tangi la mafuta tena kwa chupa ya lita moja iliyochorwa alama za robo. Kilichoingia ndicho kilichotumika. Katika mfano wetu, mita za ujazo 50 zinakula lita 3.3 za petroli, ambazo kwa bei ya shilingi 5,000 ni shilingi 16,500 kila siku ya kumwagilia.

Kutandaza gharama kwa miaka kumi

Sola hudai fedha nyingi siku ya kwanza na kidogo baadaye, ilhali petroli hufanya kinyume chake. Hatuwezi kujumlisha shilingi ya leo na shilingi ya mwaka wa nane kana kwamba ni kitu kimoja, maana shilingi ya leo ingeweza kununua ng'ombe, kulipa deni la SACCO (chama cha akiba na mikopo) au kufanya kazi nyingine katikati hapo. Kwa hiyo tunaipunguza thamani ya shilingi ya baadaye kwa kiwango fulani kwa mwaka. Benki za maendeleo zilitumia asilimia 10 hadi 12 kwa miaka mingi, nami nitatumia 12. Kwa kiwango hicho, gharama ya shilingi moja inayojirudia kila mwaka kwa miaka kumi ina thamani ya sasa ya shilingi 5.65, na shilingi ya mara moja katika mwaka wa tatu, wa sita na wa tisa ni shilingi 0.71, 0.51 na 0.36.

Tuchukue kwamba kikundi kinamwagilia siku 120 kwa mwaka. Pampu ya petroli inanunuliwa kwa milioni 1.5 na kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu. Mafuta ni kama milioni 1.98 kwa mwaka, na oili, plagi na matengenezo ni laki nne. Ukizileta gharama hizo zote kwenye thamani ya leo unapata takribani milioni 17.3. Mfumo wa sola pamoja na tangi ni milioni 16, matengenezo ni laki tatu kwa mwaka, na katika mwaka wa sita pampu na kidhibiti vinabadilishwa kwa milioni 3.5. Jumla ni takribani milioni 19.5. Mlinzi wa paneli na kijana wa kuwasha pampu nimewachukua kuwa wanalipwa sawa, ndiyo maana hawamo. Thamani ya paneli zinazobaki hai baada ya mwaka wa kumi nimeiacha nje kwa makusudi, ili hesabu isielemee upande wa sola.

Kwa hiyo, kwa siku 120, petroli ndiyo nafuu. Wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini ni afadhali ujumbe huo utoke kwenye karatasi yako kabla ya kukopa. Tofauti ya milioni 2.2 inazibika kikundi kikimwagilia siku 143 kwa mwaka badala ya 120, na kwa siku 150 sola tayari inaongoza. Kiini cha uamuzi huu ni wingi wa siku ambazo mfumo utafanya kazi. Kikundi kinacholima msimu mmoja tu wa kiangazi, tuseme Januari na Februari, na kuziacha paneli zikiota jua Juni na Julai, hakina hoja ya kununua sola kwa fedha zake chenyewe. Kinacholima viangazi vyote viwili na kuhudumia kitalu katikati yake kina hoja nzito.

Jambo moja la kiufundi huwapotosha hata watu wa benki. Ikiwa umeandika bei za mafuta zilezile za leo kwa miaka yote kumi, usipunguze kwa riba kamili ya mkopo. Riba ya asilimia 20 ndani yake ina fidia ya mfumuko wa bei, na Benki Kuu ya Uganda hulenga mfumuko wa asilimia 5. Gawanya 1.20 kwa 1.05 na utapata riba halisi ya asilimia 14 hivi. Ukitumia 20 bila kurekebisha, sola itaonekana kushindwa kwa milioni 5.3. Ukitumia 14, inashindwa kwa milioni 3.1. Mradi unaweza kukataliwa kwa sababu ya kosa hilo pekee.

Jaribu pia bei tofauti za mafuta. Sehemu kubwa ya petroli yetu hupita Kenya kwa malori, na Januari 2022 madereva walipogoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya masharti ya vipimo vya korona, bei katika baadhi ya maeneo ilifika mara mbili ya ile ya kawaida. Kwa shilingi 6,500 kwa lita, sola inalipa kuanzia siku 110 tu.

Mfuko wa mkulima na mfuko wa nchi

Katika programu ya umwagiliaji mdogo inayopitia serikali za wilaya, mkulima aliyechagua sola amekuwa akichangia robo ya gharama, na aliyechagua petroli robo tatu, kwa shamba lisilozidi ekari 2.5. Kwa ruzuku hiyo, kikundi chetu kinatoa milioni 4 badala ya 16, na gharama yake ya miaka kumi inashuka hadi milioni 7.5. Kwa mkulima uamuzi umekwisha. Kwa diwani haujaanza, kwa sababu milioni 12 zilizobaki zimelipwa na mtu, naye ni mlipa kodi yuleyule wa Kasese, Gulu au Mbale.

Katika hesabu ya nchi, ruzuku haipunguzi gharama, inaihamisha tu. Kodi vilevile: zaidi ya shilingi 1,400 katika kila lita ya petroli ni ushuru, na ushuru ni fedha inayobaki nchini. Ukiondoa shilingi 1,400, lita ya shilingi 5,000 inaigharimu nchi 3,600. Upande wa pili ongeza hewa ukaa: lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3, hivyo kikundi chetu kinatoa kilo 900 hivi kwa mwaka, na kwa thamani ya dola 50 kwa tani hiyo ni kama shilingi 170,000. Jumlisha yote, na sola inakuwa ghali kuliko petroli kwa milioni 4.3 kwa siku 120. Itailipa nchi kuanzia karibu siku 180.

Sisemi hivi ili ruzuku zifutwe. Nasema ziende kwa vikundi vilivyo tayari kuzitumia paneli nusu ya mwaka au zaidi, au viwili vinavyoweza kushirikiana mfumo mmoja. Tena kuna faida moja ambayo hesabu ya gharama peke yake haiioni: mkulima wa petroli akiishiwa fedha katikati ya msimu humwagilia nusu, na vitunguu hutoka vidogo. Ongezeko hilo la mavuno lihesabiwe, mradi ulinganishe shamba lenye sola na shamba lisilo nayo katika msimu uleule. Ukilinganisha mwaka huu na mwaka jana, utakuwa umeipa pampu sifa za mvua nzuri na bei nzuri ya Mpondwe.

Usisahau gridi. Nguzo zikiwa karibu, yuniti 6 kwa siku hazifiki shilingi 5,000, na umeme wetu karibu wote ni wa maji. Tangu bwawa la umeme la Karuma lenye megawati 600 lizinduliwe mwaka 2024, nchi ina uwezo wa kuzalisha umeme mwingi kuliko inavyotumia, na mkataba wa bwawa kama Bujagali hulipwa kwa uwezo wake, umeme utumike usitumike. Yuniti inayotumiwa mchana shambani inaigharimu nchi kidogo kuliko bei iliyo kwenye bili. Kinachoamua hapa ni urefu wa laini ya kuvuta, na kwa kikundi kimoja kidogo mara nyingi hata nusu kilomita hailipi.

Mto nao una bei

Pampu ya petroli ina breki ya asili: kila saa inauma mfukoni. Ya sola haina breki hiyo, na mtu anaweza kuiacha ivute kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Bonde la mto Mubuku lina skimu ya umwagiliaji iliyoanza miaka ya 1960, na papo hapo mto huo unazungusha mitambo ya umeme, ukiwemo wa Bugoye wenye megawati 13. Maji yasiyohitajika shambani kwako yalikuwa na mwenyewe huko chini. Kwa hiyo pima mtiririko wa mto mwishoni mwa kiangazi, waulize wazee wanaoishi chini zaidi kando ya mto huo ulifikia wapi mwaka wa ukame mkali, na ingiza kibali cha kuvuta maji cha Wizara ya Maji na Mazingira kwenye gharama tangu mwanzo.

Kwa tabianchi, usitumie wastani. Andika mwaka mkavu na mwaka wa mafuriko kama hesabu mbili tofauti. Kati ya 2004 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka, mitambo ya umeme ya Jinja ikapungukiwa maji, na nchi ikakodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Mei 2020 ziwa hilohilo lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, na mwezi huohuo mto Nyamwamba ukafurika Kasese, kama ulivyofanya Mei 2013. Pampu ya petroli hubebwa nyumbani jioni, lakini mabomba na vifaa vya sola vilivyofungwa kando ya mto hubaki palepale. Ukiona nafasi ya mafuriko ni mwaka mmoja kati ya kumi, na vifaa vitakavyosombwa ni vya milioni 4, ongeza laki nne kwa kila mwaka upande wa sola, kisha ulinganishe na gharama ya kupandisha vifaa hivyo mita chache juu ya kingo.

Mwisho, panga ada ya maji kabla ya uzinduzi. Zile milioni 3.5 za mwaka wa sita, zikigawanywa kwa miaka sita na siku 150, ni shilingi 3,900 kwa siku ya kumwagilia. Matengenezo ni 2,000. Takribani shilingi 6,000 kwa siku, sawa na 120 kwa mita ya ujazo, zinatosha kuuweka mfumo hai, na ni karibu theluthi moja tu ya fedha ya petroli. Toza kwa mita iliyofungwa kwenye bomba, wala si kwa kichwa cha mwanachama, ili anayetumia maji mengi alipe zaidi na mto upate ile breki iliyoondoka pamoja na petroli. Fedha hiyo iwe na akaunti yake yenye watia saini watatu, na salio lake lisomwe kila mkutano.