Umeandikiwa faini kwenye maegesho ya binafsi Kampala: upinge au uachane nayo?

Nasimamia magari tisa ya kupeleka mizigo hapa Kampala, na haupiti mwezi bila dereva kuniletea karatasi aliyoikuta imebanwa kwenye waipa. Mwanzoni nilikuwa nalipa zote kwa woga. Baadaye nikaanza kuzichana zote, maana nilikuwa nimetazama video za watu wa Uingereza na Marekani wakisema karatasi ya mwenye kiwanja binafsi haina meno. Nilipata hasara mara zote mbili. Ushauri wa video zile umesimama juu ya sheria za kwao. England na Wales, kwa mfano, zilipiga marufuku kufunga magurudumu kwenye ardhi ya binafsi Oktoba 2012, hivyo kule mwenye kiwanja hubaki na barua tu. Hapa kwetu huja na klampu, yaani chuma cha kufunga gurudumu, na mtu anayeshikilia gari lako hana haja ya kukuandikia barua.

Hivi ndivyo ninavyoamua siku hizi.

Hatua ya 1: Jua ni nani aliyeandika

Soma jina lililo juu ya karatasi kabla ya kusoma kiasi. Tikiti ya polisi wa trafiki, ile ya EPS (mpango wa faini za papo hapo), ni ya serikali. Hulipwa kwa namba ya malipo, PRN, na ukipitisha muda uliowekwa kiasi huongezeka. Hiyo usiipuuze. Maegesho ya barabarani chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, nayo yana utaratibu wake. Mwongozo huu unahusu arkedi, jengo la maduka, hoteli, hospitali au kiwanja chochote chenye geti na mwenyewe.

Kama karatasi haina jina la kampuni, na unaambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, usitume kitu. Uliza kwanza ofisi ya meneja wa jengo iko wapi.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kubishana

Piga picha ya gurudumu, mistari ya maegesho, tikiti uliyopewa ulipoingia, na saa. Muhimu kuliko vyote ni bango la masharti. Lipige ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, pale getini, ili ionekane dereva anayeingia anaona nini hasa. Picha ya bango uliyopiga ukiwa umesimama mbele yake haikusaidii sana.

Dereva wangu aliwahi kudaiwa shilingi 100,000 kwenye arkedi moja ya katikati ya mji kwa kuegesha "sehemu ya wapangaji". Bango lilikuwepo, tena limeandikwa vizuri, lakini mchana lango la chuma likifunguliwa lilikuwa linalifunika lote. Nilimwonyesha meneja picha hiyo moja, akaifuta ile karatasi mwenyewe, mbele yangu.

Bango lina uzito huo kwa sababu dai la mwenye kiwanja linasimama juu ya makubaliano, na huwezi kukubali sharti ambalo hukuwa na nafasi ya kuliona. Mwaka 1971, katika kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, Mahakama ya Rufani ya England ilisema masharti yaliyobandikwa ndani hayakumfunga dereva, kwa kuwa mkataba ulikuwa umeshafungwa mashine ya mlangoni ilipotoa tikiti. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, ilikubali dai la pauni 85, na pale mabango yalikuwa makubwa, wazi na mengi. Majaji wetu hawafungwi na kesi hizo, ila wanaweza kuzitazama. Kwa hiyo ukikuta bango kubwa linalosomeka vizuri getini, hoja yako ya bango imekwisha. Tafuta nyingine.

Hatua ya 3: Tenga ada na adhabu

Ibara ya 28(12) ya Katiba ya Uganda inasema mtu hatiwi hatiani kwa kosa la jinai ambalo sheria haikulieleza na kuliwekea adhabu. Mwenye jengo hatungi makosa wala hahukumu. Hata akiandika FAINI kwa wino mwekundu, anachodai ni pesa za mkataba. Na Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Yaani kile kiasi cha kwenye bango ni dari. Chini ya hapo kuna nafasi ya kubishana.

Tuseme umepoteza tikiti ya kuingilia. Ada ya saa mbili ni 3,000, nao wanadai 50,000. Ile 3,000 ni deni lako la haki, ilipe siku hiyohiyo na uombe risiti. Bishania 47,000. Nimeona watu wakikataa hata ada waliyoitumia, na tangu hapo hakuna meneja anayewasikiliza.

Hatua ya 4: Angalia wameshika nini

*Gari limefungwa.* Usikate klampu, hata ukiwa na haki yote. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na utakuwa umegeuza ugomvi wa pesa kuwa kesi yako polisi. Piga hesabu. Gari langu moja likilala siku nzima napoteza kama 150,000. Wakidai 50,000 nalipa, gari linaondoka, kisha napinga nikiwa huru. Lakini kwenye nakala yao naandika kwa kalamu: "Nimelipa ili gari lifunguliwe. Sikubali kwamba nadaiwa." Tena nadai risiti yenye jina la kampuni, TIN (namba yake ya mlipakodi), namba ya gari na sababu. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT inatakiwa itoe risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, kwa hiyo iulizie kwa jina. Kiasi kikishuka ghafla baada ya wewe kutaja risiti, andika pembeni kwamba kimeshuka na saa kiliposhuka.

Na tafadhali, usimtukane askari wa maegesho. Hakuweka yeye bei hiyo, na mara nyingi funguo haziko kwake. "Afande, pole na kazi. Naomba kuonana na mkubwa wa maegesho," inafungua milango mingi kuliko kelele.

*Umebaki na karatasi tu.* Hapa kupuuza kunawezekana kweli. Barua hazigongi milango yetu, anwani ni sanduku la posta, na magari mengi bado yana kadi yenye jina la mwenye wa zamani. Mimi huachana na karatasi isiyo na jina la kampuni, au ya mahali pasipo na bango, kama najua hatutarudi pale.

Usipuuze kama wewe ni mpangaji wa jengo, mteja wa kila mwezi, mgonjwa wa kliniki ya hapo, au gari lako limeandikwa jina la kampuni ubavuni. Getini kuna daftari la namba za magari. Nililijua kwa uchungu: dereva alirudi baada ya wiki tano, akafungiwa gurudumu, na karatasi tatu nilizochana zikadaiwa kwa pamoja huku mizigo ya mteja ikiwa ndani.

Hatua ya 5: Andika upinge

Mwandikie meneja wa jengo, maana askari hana mamlaka ya kufuta. Iwe fupi:

"Tarehe fulani, saa fulani, gari namba fulani liliandikiwa shilingi kadhaa. Ada ya muda tulioutumia tumelipa, risiti hii hapa. Kiasi kilichobaki tunakipinga kwa sababu bango halionekani kutoka getini, picha hizi hapa. Tunaomba mfute dai, au mturudishie pesa, ndani ya siku 14."

Toa sababu moja iliyo imara. Ukiweka tano, watajibu ile dhaifu. Peleka kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri. Ukiona huenda ikafika mahakamani, iandike kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya mahakama zetu.

Hatua ya 6: Wakikataa na ulishalipa

Uko utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Huhitaji wakili. Hutangulia na barua ya kudai yenye siku 14, ndiyo sababu nimeiweka kwenye mfano hapo juu. Kwa 50,000 moja siendi; kukaa mahakamani siku nzima ni ghali kuliko hiyo. Kwa karatasi kadhaa za jengo lilelile, au gari lililozuiliwa siku mbili, naenda.

Hata ukiamua kupuuza, usichane karatasi. Madai ya mkataba huweza kufunguliwa hadi miaka 6, kwa hiyo kila karatasi iwekwe kwenye faili la gari lake pamoja na picha na risiti, na gari likiuzwa faili libaki kwako.