Jinsi ya kujua nomino, kitenzi na kivumishi kwenye sentensi ya Kiingereza

Usiliangalie neno peke yake jamani, angalia limekaa wapi kwenye sentensi, hapo ndo kazi yote ilipo. Chukua "light": kwenye "The light is off" ni nomino, kwenye "Light the candle" ni kitenzi, kwenye "a light bag" ni kivumishi, neno lilelile ila kazi tatu, so ukikariri orodha tu utakwama.

Anza na kitenzi, mi naona ndo rahisi kukidaka. Ipeleke sentensi jana: "She walks home" inakuwa "She walked home", lililobadilika ndo kitenzi chako. Kuna vichache kama "cut" havibadiliki, "They cut paper" ya jana inabaki vilevile, hapo jaribu "They are cutting paper", ikikubali umekipata.

Nomino nyingi zinakubali "the" au "my" mbele yake, "my happiness" iko poa ila "my arrive" inagoma. Majina kama Mary hayahitaji "the" lakini ni nomino vilevile.

Kivumishi ndo kinasumbua watu. Kinakaa kabla ya nomino au baada ya "is", na vingi vinakubali "very": "a very tall man". Sasa angalia "a school bus", wengi wanasema "school" ni kivumishi kwa sababu iko kabla ya "bus", jaribu kusema "a very school bus" uone, haikubali kabisa, hiyo ni nomino inayoielezea nomino nyingine. Na "friendly" isikuchanganye na ile "-ly" yake inayofanana na ya vielezi kama "quickly", ni kivumishi.