Kuzunguka Doha bila gari

Mimi sina gari, na Doha naizunguka. Nunua kadi ya metro kituoni: safari ya kawaida ni riyali 2, na kwa siku hukatwi zaidi ya 6. Njia tatu, Nyekundu, Kijani na Dhahabu, hukutana Msheireb. Kijue kituo hicho kwanza. Ukienda uwanja wa ndege, soma ubao kabla ya kupanda, maana treni nyingine za Nyekundu huishia Al Wakra. Mimi nilifika huko na masanduku yangu mawili!

Kazi ni kutoka kituoni hadi mlangoni. Mwezi wa saba, mita mia sita juani zinachosha kweli. Tafuta basi la Metrolink nje ya kituo, halilipiwi. Barabara pana vuka kwenye taa tu, hata ukizunguka mbali.